Usiku wa Leo Analala Wapi?

Nilianza kufundisha shule ya msingi katika Kanda ya Ziwa, Tanzania, mwaka 1988, na kazi ya kuwatetea watu haikuwamo katika barua yangu ya ajira. Ilinijia kupitia daftari la mahudhurio. Kila asubuhi nilikuwa nikiita majina, na kila mwaka, hasa kuanzia darasa la sita, yalikuwapo majina ya wasichana ambayo hayakuitikiwa, wenzao walitazamana, kisha mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo ameshaolewa." Ningeweza kuandika kwamba ni mtoro na kuendelea na hesabu, na nakiri kwamba kwa miaka kadhaa ndivyo nilivyofanya. Sasa nimestaafu ualimu, nimekuwa msaidizi wa kisheria katika kata yetu kwa miaka mingi, na wanaopiga hodi kwangu si wasichana peke yao: ni wajane walionyang'anywa mashamba, ni vikongwe walionyooshewa kidole cha uchawi, ni watoto waliodhulumiwa na watu wanaokula nao sahani moja. Vijana wanaoingia katika kazi hii huniuliza nimejifunza nini. Ninayo mengi ya kuwaambia kuhusu sheria, lakini lililo la kwanza kwangu ni swali moja, ambalo nilijifunza kwa kuchelewa na kwa gharama ya mtu mwingine.

Mwaka 1994 mwanafunzi wangu mmoja alimaliza mtihani wa darasa la saba, na wiki chache baadaye baba yake akapokea ng'ombe wa mahari. Binti alikuwa na miaka 15. Alipokuwa bado shuleni tungeweza kumbana mzazi kwa kumkatisha masomo, lakini siku alipoweka kalamu chini baada ya mtihani wa mwisho, kinga hiyo ilikwisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 iwapo baba ameridhia, na hata akiwa na miaka 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana kwa kawaida alipaswa kufikisha miaka 18. Baba yule hakuwa mjinga wa sheria. Aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba mtoto amemaliza shule, umri umefika na yeye ameridhia, kwa hiyo mimi nimeingia nyumbani kwake kwa haki gani?

Kwa kuwa sheria haikuwa upande wangu, nilitafuta njia nyingine. Nilizungumza na mtendaji wa kijiji, nikawaendea wazee wa kanisa, na mwishowe nikasimama katika mkutano wa kijiji nikalisema jambo lile waziwazi. Baba aliona haya mbele za watu, akatamka kwamba atarudisha ng'ombe, na wakina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ambayo bado naikumbuka, nikapika, nikala, nikalala. Usiku huohuo baba yule alimpiga mke wake kwa kosa la "kupeleka maneno ya nyumba kwa mwalimu", na kabla hakujapambazuka binti alipandishwa kwenye lori kwenda mjini kwa ndugu, kufanya kazi za ndani. Sikumwona tena. Siku ya tatu mama yake alikuja kwangu mkono ukiwa umefungwa kwa kipande cha kanga, akaketi kwenye kizingiti, na hakunilaumu. Alisema tu, "Mwalimu, wewe ulikuwa na pa kurudi."

Tangu siku hiyo sijawahi kwenda kwa kiongozi yeyote, wala kuandika barua, wala kuita kikao, kabla ya kuuliza mtu huyu usiku wa leo analala wapi. Si swali la huruma tu; ni swali la kazi, nalo lina matawi yake. Nyumba hiyo ni ya nani, na mwenye nyumba anapata hasara gani tukimsaidia mlalamikaji? Nani mwingine anabaki pale ambaye hasira inaweza kumwangukia? Mjomba anayesubiri sehemu yake ya ng'ombe wa mahari si kimbilio hata kama ni mtu mpole na anasali kila wiki. Shangazi aliyeolewa mbali, ambaye hana fungu katika mahari hayo, mara nyingi ni kimbilio bora kuliko ndugu wa jirani anayependwa na wote. Nimejifunza kuchora ukoo mzima kwenye karatasi kabla ya kufungua kitabu cha sheria, na kuweka alama kwa kila anayefaidika na kila anayepoteza, kwa sababu mara nyingi undugu wa damu peke yake haukuniambia nani atafungua mlango.

Sheria zilisogea, na nilizifuata kwa moyo wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilitamka wazi kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari akawa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mwezi Julai mwaka huohuo Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Niliisikia habari ya hukumu ya kwanza redioni nikiwa nasahihisha madaftari, nikamkumbuka baba yule na hoja yake iliyokamilika, nikaweka kalamu chini nikalia. Ingekuja miaka 22 mapema.

Hata hivyo ni lazima nieleze nilichokiona vijijini baada ya adhabu kuwa kali, kwa sababu wanaotunga sheria hawakai na familia jioni. Adhabu ya miaka 30 ni ya haki, lakini imewafundisha baadhi ya watu kuficha zaidi. Harusi hufanyika usiku bila ngoma, mahari hulipwa kidogo kidogo, na binti hufundishwa kusema kwamba amekwenda kumuuguza bibi yake. Anayejua ukweli ni mama, na mama anajua pia kwamba akisema, atakayefungwa ni mtu ambaye ukoo wake ndio unaomlisha. Tusipomwandalia mama huyo pa kulala na cha kula, tunamtaka awe shujaa peke yake, na mimi sioni kama tunayo haki ya kumtaka hivyo.

Uamuzi uliotangazwa mwezi Novemba 2021, wa kuwaruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua, ulikuwa kwangu moja ya mambo ya maana kuliko yote niliyoyashuhudia katika utumishi wangu. Lakini binti anaporudi darasani, mtoto mchanga anabaki na nani? Karibu kila mara jibu lilikuwa bibi. Na bibi huyo ni mjane, na shamba analolima linagombewa na shemeji zake, na macho yake hayaoni vizuri. Hapo ndipo niliacha kuzungumza kuhusu haki za watoto upande huu, haki za wanawake upande ule na haki za wazee kwenye kabrasha la tatu. Maofisini zina madawati tofauti, lakini kijijini nimezikuta zote tatu zimeketi kwenye mkeka mmoja, zikila ugali wa shamba moja, na shamba hilo likiondoka zinaondoka zote.

Ndiyo maana miaka yangu mingi imekwenda kwenye ardhi. Sheria za mila zilizoandikwa na kutangazwa mwaka 1963 zinamwambia mjane kwamba hana fungu katika urithi wa mumewe, kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Mabinti nao huwekwa daraja la mwisho. Mwaka 1990, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi kwa baba yake, huku mwanamume akiruhusiwa, ni ubaguzi ambao Katiba haiukubali. Kabla ya hapo, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikuwa imesema katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali iliyochumwa na wanandoa. Mashauri hayo mawili nimeyasimulia kwenye vikao vya vijiji mara nyingi kiasi kwamba watoto wangu wanayajua kama hadithi. Lakini lile la mwaka 1990 lilimhusu binti na ardhi ya baba yake. Mjane na mali ya mumewe ni jambo jingine, na wajane wawili waliokwenda Mahakama Kuu kuzipinga sheria za mila waliambiwa mwaka 2006 kwamba ubaguzi upo lakini mahakama haitazifuta. Ilibidi shauri lao lifike kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilikiukwa.

Kinachonisaidia zaidi katika kazi ya kila siku ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Inabatilisha kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu kumiliki, kukalia au kutumia ardhi, na inataka baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba liwe na wanawake wasiopungua watatu. Kwenye karatasi ni watatu. Katika kikao cha kwanza nilichohudhuria, wajumbe wanaume waliketi kwenye viti na benchi, na wale wanawake watatu waliketi chini ya mwembe, hatua kama sita nyuma, na hakuna aliyewageukia mpaka wakati wa kuweka dole gumba. Niliwatembelea baadaye mmoja mmoja majumbani kwao. Hawakuwa na hofu kama nilivyodhani; hawakuwa wameambiwa tu kwamba kauli yao inahesabika sawa na ya mwenyekiti. Kikao kilichofuata, mmoja wao alinyanyua kigoda chake, akakibeba mpaka mbele, akakiweka katikati ya viti viwili vya wanaume, akaketi. Hakusema neno siku ile, lakini kikao kizima kilibadilika.

Mjane aliyekuwa mlalamikaji katika kikao hicho cha pili alikuwa amenyang'anywa ukanda wa shamba upana wa hatua kama ishirini. Shemeji yake aling'oa ua wa minyaa uliokuwa mpaka, akapanda mingine ndani zaidi, akangoja mvua mbili ishike. Alipokuja kulalamika minyaa mipya ilikuwa imekwisha kufika kiunoni, na yeyote angeapa kwamba ndiyo mpaka wa tangu zamani. Mama yule hakubishana. Aliwaomba wajumbe waende naye shambani, akapiga magoti mahali alipopakumbuka, akachimba kwa jembe dogo na kwa vidole mpaka akatoa kisiki kilichooza cha mnyaa wa kwanza, kisha akasogea hatua chache, akatoa cha pili, na cha tatu, vyote katika mstari mmoja ulionyooka kuelekea kaburi la mumewe. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya vifungu vya sheria. Niliyakunja nikayarudisha mkobani.

Kuhusu wazee nitasema kwa urefu kidogo, kwa sababu ndio wanaosahaulika upesi. Katika mikoa yetu vikongwe wengi, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakawa kama ushahidi. Macho hayo yanatokana na moshi: mwanamke aliyepika miaka hamsini kwenye kibanda kisicho na dirisha, akitumia kuni, na pale kuni zilipoadimika akatumia samadi kavu ya ng'ombe, hawezi kuwa na macho meupe. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli chonganishi, wale wanaomtajia mfiwa jina la jirani aliyemloga, na ilikuwa hatua njema. Lakini nimechunguza tuhuma nyingi kwa karibu, na chini ya nyingi nilikuta mtu anayesubiri shamba.

Bibi mmoja alikuwa akiwalea wajukuu wanne baada ya watoto wake kufariki kwa UKIMWI. Asubuhi moja alikuta karatasi imechomekwa mlangoni, ikimwambia ahame kabla ya mwezi kuandama. Ushauri wa viongozi, waliosema kwa nia njema, ulikuwa aende kukaa kwa ndugu wilaya ya jirani. Nilikaa naye tukachora ule mchoro wangu wa ukoo, na ikawa wazi kwamba akihama wajukuu wataacha shule, na shamba litakuwa limelimwa na mtu mwingine kabla hajafika anakokwenda. Kwa hiyo swali la usiku tulilijibu kwa namna nyingine: atalala hapohapo, lakini hatalala peke yake. Wanawake wanne wa jirani tuligawana zamu, wawili kila usiku, na taa ya chemli ikawaka mpaka asubuhi. Mlango wa mabua tukaubadilisha kwa mbao zenye komeo. Kijana fundi akajenga jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi nje, na kituo cha afya kikampa dawa ya macho. Miezi ilipopita wekundu ulipungua, na yeye mwenyewe aliwaita majirani waje kutazama.

Kilichomaliza kabisa vitisho vile, hata hivyo, kilikuwa hati ya hakimiliki ya kimila. Kijiji kilipopimwa tulisimamia shamba lile liandikwe jina lake pamoja na la mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 18. Aliyekuwa akisubiri bibi afe au akimbie alikuta shamba lina mwenyewe mwingine, kijana, mwenye nguvu na nakala ya hati. Sijui kama alitubu. Najua kwamba hakukuwa na karatasi nyingine mlangoni.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wanastahili matibabu bila malipo, lakini mzee asiye na cheti cha kuzaliwa huulizwa kwenye dirisha athibitishe umri. Nilijifunza kuwasikiliza wazee wanavyohesabu. Mmoja aliniambia kwamba bendera ya Uhuru ilipopandishwa alikuwa tayari amevunja ungo, na kwamba wakati wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya pamoja, alibomolewa nyumba akiwa na watoto watano na mimba ya sita. Uhuru ni 1961, Operesheni ilifika kwao 1974; hesabu imekamilika, na mtendaji akaandika barua ya utambulisho kwa maneno hayohayo. Daima naiambatanisha barua ya namna hiyo na namsindikiza mzee mara ya kwanza mpaka dirishani, kwa sababu anayerudishwa mara moja huwa harudi tena.

Liko eneo moja ambalo miaka haikunizoesha, nalo ni watoto waliobakwa au kunajisiwa na watu wa nyumbani. Sheria ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana iliweka adhabu nzito, polisi wana dawati la jinsia na watoto, iko namba 116 ya kupiga simu bure, na tangu 2016 mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi kwa kuahidi tu kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Kesi nyingi hazifiki huko. Wazee wa familia huketi, ng'ombe mmoja au wawili wakatolewa, na jambo likawa "limemalizwa nyumbani". Nimekataa kuketi katika vikao hivyo na nimechukiwa kwa kukataa. Lakini hata pale kesi inapofunguliwa, niliona kwa miaka mingi kwamba anayehamishwa ni mtoto: anapelekwa kwa mtu baki, mbali na shule na rafiki zake, wakati mtuhumiwa akipewa dhamana anarudi kwenye kitanda chake. Mtoto anaelewa kwamba amefukuzwa, na anaelewa kwamba ni kwa sababu alisema. Siku hizi nikiwa na afisa ustawi wa jamii jambo la kwanza ninaloomba ni mwanamume huyo ndiye aondoke, na ndugu zake ndio wapewe kazi ya kumpa hifadhi. Wakati mwingine inashindikana. Inapowezekana, mtoto hushuhudia vizuri zaidi mahakamani, maana asubuhi ya kesi ameamka nyumbani kwake.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilituweka wasaidizi wa kisheria katika mfumo unaotambulika, na nafurahi kwamba tunao vijana waliosoma kuliko mimi. Kesho saa tatu asubuhi nakwenda na mmoja wao kwenye kikao cha ukoo cha kuteua msimamizi wa mirathi. Mjane ana miaka 22 na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na wakwe wanataka msimamizi awe kaka wa marehemu. Kijana wangu amekwisha kuandaa cheti cha kifo, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa na barua ya mtendaji, na amemweleza mjane kwamba asiweke sahihi kwenye muhtasari wowote ambao hajasomewa wote. Nilipomuuliza swali langu alikuwa na jibu: mama mzaa marehemu, bibi wa miaka sabini na zaidi, amesema mkwe wake na mjukuu wake hawatatoka, na tangu juzi wanalala watatu chumbani kwake. Nitafika mapema ili nikae karibu na bibi huyo, nimsikilize kabla ya wanaume hawajaanza kuzungumza, kwa kuwa jioni sote tutakapoondoka yeye ndiye atakayebaki nao.